Barua kwa mwanangu: ile khanga ya kijani

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema meneja kakutaka uondoe picha ya chama kwenye dipii yako ya WhatsApp, kwa kuwa namba hiyohiyo ndiyo wanayokutafuta nayo wateja wa benki. Unauliza kama ana haki. Ya haki muulize mjomba wako, ndiye aliyesoma sheria. Mimi nilikuwa nesi, na nesi anajua neno moja: mgonjwa hachagui nesi.

Khanga ya kijani na njano, ile ya CCM, unaikumbuka. Usichokijua ni kilichotokea nayo leba, maana hata marehemu baba yako nilimsimulia nusu tu.

Ilikuwa 1995, Novemba. Uchaguzi wa Oktoba kwetu Dar ulivurugika, matokeo yakafutwa, tukawa tunangoja kurudia. Mimba yako ilikuwa ya miezi saba na gauni la kazi lilishakataa kufunga vifungo, basi zamu ya usiku nikajifunga khanga juu yake. Alinipa balozi wetu wa nyumba kumi, bure. Wala sikuwa nimeamua kura yangu nitampa nani!

Akaletwa binti, mimba ya kwanza, na mumewe kavaa fulana ya NCCR, chama cha upinzani. Hao ndio waliokuwa wakilisukuma kwa mikono gari la Mrema, mgombea wao wa urais. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye kandambili. "Dada, hakuna nesi mwingine?" Nikamjibu kwa jeuri kwamba mwingine kalala kwake. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mkewe. Nilipomlaza kitandani akanishika mkono, akanong'ona: "Nesi, hutaniacha kwa sababu ya mume wangu?"

Miaka kumi na moja nilikuwa nazalisha, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Niliivua. Nikafanya kazi vifungo wazi, tumbo nje, na kabla ya adhana ya alfajiri akajifungua mtoto wa kike, mzima. Mume aliniletea chapati. Sikuzila.

Sasa utasema, kwani yeye fulana yake alivuliwa na nani? Hakuna. Na mimi nimejiuliza miaka yote hii kama nilivua kwa sababu ya yule binti au kwa kumwogopa mumewe. Tena sisi tulikuwa na unafiki wetu. Kabla ya 1992 tawi la chama lilikuwepo palepale kazini, na katibu wake, na michango yake, na kikao hakifungwi bila "Zidumu fikra za Mwenyekiti". Nani aliuliza kama mgonjwa anaona vizuri? Vilipokuja vyama vingi sheria ikayatoa matawi sehemu za kazi, nami nilifurahi, halafu miaka mitatu baadaye nikaingia leba nimejifunga chama kiunoni.

Ila huyo meneja wako naye! Si ndiye uliyenieleza Pasaka kwamba huja kazini na skafu ya chama chake shingoni, wateja wamejaa foleni? Yeye hakuna anayemwambia. Hapo damu inanichemka, natamani uibandike hiyo picha hadi kwenye dirisha la kaunta. Lakini mama muuza samaki anayekutumia ujumbe saa mbili usiku kuuliza mkopo wake umefikia wapi, hajui habari za skafu ya meneja. Anaona picha yako tu. Naye hakukuchagua, kama mgonjwa asivyochagua nesi.

Ningekuwa mimi... Haya, nanyamaza. Una miaka ishirini na tisa na benki si leba.

Kipande kimoja cha doti ile kiliisha mgongoni kwangu, wewe ukiwa ndani yake. Cha pili kipo sandukuni, chini ya mashuka ya bibi yako. Ukija Desemba ukichukue, mimi sijakivaa tena.

Mama yako