Shokapu mpya, kelele ileile

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110, nabeba ndizi na parachichi kutoka Mwakaleli kuleta Uyole. Tangu mvua zikolee, mbele kushoto panagonga ko, ko, nikipita taratibu kwenye makorongo. Nikishika lami ya Tukuyu nikakimbia, sisikii kitu. Fundi wa kwanza amenibadilishia shokapu zote mbili za mbele, kelele haijaondoka. Wa pili anasema ni boljointi, wa tatu anasema beringi ya tairi. Hela imeniishia. Nimwamini nani? Dereva, Busokelo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hela ya shokapu. Usimwamini hata mmoja, na mimi nikiwemo, mpaka tairi liwe limenyanyuliwa na mtu amelitia mikono. Kelele ya mbele ina baba wengi: boljointi, yaani kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoruhusu tairi kukata kona; tairodi, ile fimbo ya steringi inayolisukuma tairi; linki ya stabilaiza; bushi za amu, yaani raba za ule mkono wa chuma unaolishika tairi kwa chini. Anayeitambua kwa sikio akiwa amesimama mlangoni pa gereji anakuuzia spea tu.

Kwanza chungulia bila jeki. Kata steringi mpaka mwisho, lala chini na tochi, tazama pale amu ya chini inapokutana na nako, yaani kile chuma kinachobeba hubu. Utaona kiraba cheusi kama kikofia. Kikiwa kimechanika na grisi imegeuka tope, nusu ya jibu umepata. Huko kwenu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji na mchanga vikishaingia kwenye raba hiyo, kile kichwa cha mviringo kinasagika ndani ya kikombe chake kama mahindi kwenye jiwe.

Sasa jeki, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye 110 springi imekaa juu, pamoja na shokapu, kwa hiyo weka jeki chini ya fremu, tairi lining'inie. Gari ambalo springi yake inakalia amu ya chini ni kinyume: jeki unaiweka chini ya amu yenyewe, karibu na tairi. Ukiinua fremu kwenye gari la namna hiyo, springi inaendelea kusukuma amu, boljointi inabanwa, nawe unaondoka ukijua ni nzima kumbe imeshakwisha.

Shika tairi mkono mmoja juu, mwingine chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie kijana akanyage breki, kisha rudia. Mchezo ukipotea, fundi wako wa tatu alikuwa sahihi, ni beringi. Ukibaki, chomeka mtaimbo kati ya amu na nako, nyanyua polepole huku kidole cha mkono wa pili kimegusa boljointi. Jicho linadanganyika, kidole hakidanganyiki: utasikia kile kichwa kikiruka ndani, tik. Mchezo wa kushoto na kulia, mikono ikiwa pembeni mwa tairi, mara nyingi ni tairodi.

Usiahirishe. Mimi nikiwa fundi mzima, mwenye kijana wa kunishikia spana, niliendesha gari langu wiki mbili likigonga hivyohivyo, naongeza redio. Siku hiyo natoka Mbalizi, nikaingia kituo cha mafuta mwendo wa kutembea, nikakata kona, paa! Tairi la kulia likalala kifudifudi chini ya madigadi, gari likapiga magoti. Kijana wa pampu akaniuliza kama mimi si yule fundi. Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa kwenye mteremko wa Iwambi, malori mbele na nyuma.

Kubadilisha boljointi kwenye 110 si kazi kubwa, inashikwa kwenye amu na bolti moja na nati mbili. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Ukishainua, weka stendi au gogo la maana, usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Chomoa ile pini ya waya, fungua nati yenye mapengo. Kinachosumbua ni shina la boljointi kung'ang'ania kwenye nako. Usilipige shina kwa chini, utaliponda na halitatoka tena. Piga ubavu wa nako, pale tundu lilipo, nyundo moja nzito ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Mapigo matatu manne ya nguvu, linaachia lenyewe. Likishaachia, usiivute nako nje ovyo: draivishafti itachomoka kule ndani kwenye giaboksi, na mpira wa breki utavutika. Ifunge kwa waya.

Futa tundu mpaka ling'ae, likae kavu bila grisi. Kaza nati, na pini ikikataa kuingia, endelea kukaza kidogo mpaka matundu yakutane. Usiirudishe nyuma. Pini iwe mpya. Nimeshakuta msumari umekunjwa pale, na mwenye gari alikuwa analipeleka Dar es Salaam. Ukimaliza, peleka gari wakapime alaimenti, yaani unyoofu wa matairi.

Na yule atakayekwambia boljointi inachomelewa ili ikaze, chukua funguo zako uondoke. Chuma kilichopikwa kwa moto hivyo hakikupi taarifa kabla ya kukatika.

SWALI: Fundi, boljointi ikifa upande mmoja, lazima ninunue mbili? Mwalimu, Makambako.

JIBU: Si lazima, mwalimu. Pima na ya pili kwa mtaimbo uleule. Kama haichezi na raba yake haijachanika, iache ifanye kazi. Ila zote zikiwa zimetembea njia moja miaka ileile, mara nyingi ya pili nayo iko njiani.

Wewe wa Busokelo, shokapu za zamani kama hukuzitupa, zilete siku ukishusha ndizi Uyole. Nataka nione kama zilikuwa zinavuja hata tone.