Re: Ni siku gani mama wa aina moja alizala mtoto wa aina ingine?

Kaka, iyo siku unauliza, ya aina moja ya kiumbe kuzala aina ingine, haikukuwaka. Hakuna mama aliyeamuka asubui akazala kitu ya ajabu, kila mtoto alifanana na mama yake, vile weye unafanana na wako, tofauti inajikusanya polepole kwa vizazi elfu na elfu.

Angalia banyama ya hapa kwetu Kongo, sokomutu (chimpanzé) na bonobo, ndugu yake wa karibu. Zamani walikuwa jamii moja, halafu wengine (njo bonobo wa leo) wakabaki upande wa kusini wa mto Kongo, na hawa wanyama kuogelea hawajue kabisa, basi hakuna tena kuoana, kila upande na mabadiliko yake, miaka kama milioni 1 ao 2 hivi. Leo bonobo uso yake ni nyeusi tangu anazaliwa, midomo ya pinki, na kwake wanamuke njo wanaongoza (wanaume wa jukwaa mutanisamehe 😂). Kwa sokomutu dume njo chef. Lakini mulango haujafungwa kabisa, penye watu waliwafungia pamoja, sokomutu na bonobo wamewahi kuzala, sasa utaniambia mupaka iko wapi?

Muda njo kitu watu wanasahau. Sambaza, samaki kidogo tunakula hapa Bukavu, watu walizitoa ziwa Tanganyika wakazitia ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo ni samaki ileile, miaka 60 na kitu ni kidogo sana kwa iyo kazi ya kugeuka aina ingine. Uliza tena kisha miaka laki moja.