Shangazi, nimemaliza mionzi, Krismasi ya watu thelathini nitaipikaje?

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 41, naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili. Mwezi Machi niliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, zikafuata drip sita za kemo, na mionzi nimemaliza pale hospitali ya Ocean Road katikati ya Novemba. Daktari kaniandikia vidonge vya kila siku. Sasa ukweni, Kibosho, Kilimanjaro, wameshatangaza: Krismasi wote tuwe nyumbani, na tarehe 27 kuna misa ya shukrani kwa ajili yangu. Mimi ni mke wa mtoto mkubwa, miaka kumi na minne jiko la Krismasi ni langu, na watu hawapungui thelathini. Wifi kaniandikia, "Si umeshamaliza dawa? Njoo utupikie ule mtori wako." Shangazi, nikifagia sebule tu nakaa chini. Januari nina kliniki na sijui nitaambiwa nini. Wote wanafurahi isipokuwa mimi. Nisipokwenda nitaonekana sina shukrani. Nifanye nini? – Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nianze na wifi yako, kwa sababu naona sentensi yake ndiyo iliyokukaa kooni. "Si umeshamaliza dawa?" Usimchukie. Ugonjwa anaoujua ni malaria: unameza mseto siku tatu, ya nne uko shambani. Kansa naye anaipima kwa kibaba hichohicho. Hajui kwamba uchovu wa mionzi haukomi siku ya mwisho ya mashine. Huendelea wiki kadhaa, kwa wengine miezi, na una kero yake ya pekee: unalala kwa saa tisa nzima, unaamka umechoka vilevile. Huo si uvivu, wala si dalili kwamba ugonjwa umerudi.

Sasa kwenda au kutokwenda. Barua yako nimeisoma mara mbili na sikuona mahali uliposema hutaki kwenda. Umesema huwezi kupika. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyafunga kamba moja. Kila Desemba tunawatania Wachaga kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Basi daktari akikuruhusu safari, nenda ukahesabiwe. Anayehesabiwa si lazima ashike mwiko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka huu wewe jembe usilipokee hata siku ya kumi.

Ila hilo lisemwe kabla hamjafunga mabegi, na asilisemee mwingine ila mume wako. Ukilisema wewe, utaambiwa "jikaze" au utaitwa mke wa mjini. Akilisema mtoto mkubwa wa nyumba, limekuwa neno la nyumba. Ampigie mama yake kwanza, kwa heshima ya mama, kisha ndipo aandike kwenye kundi la familia. Asizunguke. Kwa mfano:

"Ndugu zangu, tunakuja tarehe 23. Mama Wawili amemaliza mionzi lakini madaktari wamesema mwili bado unapona, na mkono wa kushoto hautakiwi kubeba wala kuungua. Mwaka huu hatapika. Natuma hela ya mtu wa kusaidia jikoni. Naomba pia atengewe chumba cha kupumzika mchana."

Hiyo hela aitume kweli. Maneno matupu kwenye jiko la watu thelathini hayamenyi ndizi.

Mkono huo nausemea kwa ukali kidogo. Ukishaondolewa tezi za kwapani, maji ya mwili upande ule hayana njia nzuri ya kurudi, na mkono unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Kwa hiyo ndoo, mzigo wa kuni, sufuria la kuepua, mtoto wa shemeji anayetaka kubebwa, vyote waachie wengine. Kisu na mvuke vilevile, maana jeraha dogo kwenye mkono huo huingiza vijidudu kirahisi. Na ngozi iliyopigwa mionzi usiiweke mbele ya moto wa kuni, wala juani bila kuifunika. Mtori wakitaka wako, keti kwenye kigoda uwaelekeze: ndizi kiasi gani, nyama ichemke hadi wapi, waponde saa ngapi. Ukitoka mbaya, wale hivyohivyo. Watajifunza.

Kwenye ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, kula kinachokushuka, mradi nyama imeiva hadi ndani. Kisusio, ile supu ya damu, mwaka huu ningekiacha, damu ile siiamini kwa mtu aliyetoka kwenye kemo. Mbege nayo wapishe wengine. Pombe na mtu aliyeugua kansa ya titi si marafiki. Halafu atatokea mjomba na chupa ya majani ya mstafeli, huyo hakosekani. Sema asante, iweke kwenye begi, usiinywe pamoja na vidonge vyako mpaka daktari aione.

Kuhusu misa, mwache mama mkwe afurahi. Nadhani naye alilala macho mwaka mzima. Lakini padre aambiwe mapema kwamba hutasimama kutoa ushuhuda. Nia ya misa inasomwa, jina linatajwa, yatosha. Wakija watu kukuuliza titi limekatwa lote au nusu, jibu liwe moja kwa wote: "Naendelea vizuri, nashukuru." Huna deni la maelezo.

Nimeacha la mwisho lililo gumu, kwamba wote wanafurahi isipokuwa wewe. Mwanangu, miezi yote ile ulikuwa na ratiba. Leo drip, kesho kupima damu, muuguzi anakuuliza umelalaje. Sasa hakuna anayekuuliza, na hofu iliyokuwa inasubiri kwenye foleni imepata nafasi ya kuingia. Wengi humaliza matibabu wakashangaa kujikuta wanalia baada ya kumaliza. Shukrani na woga vinakaa kifua kimoja bila ugomvi. Huhitaji kufukuza kimoja ili kingine kiwe cha kweli. Mwambie mume wako kuhusu hiyo Januari. Na kama usingizi umekataa kabisa, au siku zinapita hutaki hata kuoga, usingoje kliniki, mpigie daktari.

Nayasema haya kwa sababu nina doa. Dada yangu alipotoka kwenye matibabu kama yako, Krismasi ile mimi ndiye niliyemwambia ajikaze. Alijikaza. Tulimkuta saa kumi jioni amelala juu ya gunia la mchele stoo, kijiko bado kiko mkononi, nasi tulikuwa sebuleni tunamngoja alete chai. Ukweli ni kwamba kumwona amesimama kulinituliza mimi, yeye hakukumsaidia kitu. Ndiyo maana nakwambia wifi yako hana ubaya.

Vidonge vichukue vya siku zote na wiki moja ya ziada, viwe kwenye mkoba wako, si kwenye buti la basi. Karatasi za hospitali pia. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au mkono ukavimba ghafla ukawa mwekundu na moto, usisubiri kurudi Dar: hospitali ya KCMC iko hapo Moshi, nenda siku hiyohiyo. Tiketi zikatwe sasa, kabla mabasi hayajajaa. Omba siti ya dirishani upande wa kushoto, ili mkono huo uwe ukutani na asikuegemee mtu akisinzia. Basi likisimama Korogwe, shuka utembee kidogo kabla hujaagiza chochote.