Gari linapotea Zambia: kweli setilaiti imefunikwa na mawingu?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina semi tatu zinazobeba mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma. Zote nimezifungia GPS. Zikiwa Tanzania naziona vizuri kwenye simu, lakini zikishavuka Nakonde ni shida. Kati ya Mpika na Serenje gari linaganda kwenye ramani saa mbili tatu, halafu ghafla naliona liko mbele kilomita mia na ushei. Fundi aliyenifungia anasema ni mawingu, setilaiti hazilioni gari. Dereva anasema hajui lolote. Nimwamini nani? Na je, ninunue kile kifaa cha setilaiti chenyewe? (Mwenye magari, Mbeya)

JIBU: Salama, ndugu yangu. Fundi wako kakosea, ingawa kosa lake ni la wengi. Setilaiti hailioni gari lako. Haijui hata kama lipo.

Setilaiti za GPS, thelathini na ushei, huzunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, na zinachofanya ni kutangaza saa na mahali zilipo, kama redio inayosoma taarifa ya habari bila kujua nani anasikiliza. Msikilizaji ni kifaa chako. Kikizipata nne, kinapima kila tangazo limechukua muda gani njiani (ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde) na kupiga hesabu ya mahali kilipo. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana kila setilaiti hubeba saa ya atomiki. Mawimbi hayo hupenya mawingu na mvua bila taabu. Yanachokishindwa ni bati na chuma.

Basi kifaa kikiwa Mpika kinajua vizuri kilipo. Kazi ni kukupasha habari wewe, na hiyo hakiifanyi kwa setilaiti. Ndani yake kuna laini ya simu, na taarifa hupita kwenye minara ileile unayopigia simu nyumbani. Laini ya Tanzania ikivuka mpaka lazima iwe imeruhusiwa kutumia mitandao ya Zambia. Mara nyingi huruhusiwa mmoja tu, na porini mtandao huo usipokuwa na mnara, kifaa kinakaa kimya hata kama mnara wa kampuni nyingine uko jirani.

Mpaka hapo ni kuganda. Kilichonishtua ni kule kuruka. Kifaa cha maana kisipopata mnara huandika safari kwenye kumbukumbu yake, kisha kikipata mtandao humwaga yote, na mstari kwenye ramani unajaa kwa nyuma. Chako hakijazi. Ama kumbukumbu haikuwashwa, ama kifaa hakikuwa kinafanya kazi muda ule.

Achana na ramani, omba ripoti ghafi, yaani orodha ya kila taarifa iliyotumwa na kifaa. Semi hutumia umeme wa volti 24. Ukiona umeme wa gari umeshuka hadi sifuri na kifaa kinakula betri yake ndogo, kuna waya umechomoka au umechomolewa. Ukiona taarifa zinaingia kama kawaida lakini idadi ya setilaiti ni sifuri, antena imefunikwa, au kuna mtu kachomeka kile kidude cha kuvuruga mawimbi kwenye tundu la kiberiti. Mawimbi ya GPS yakifika chini huwa hafifu mno, kwa hiyo kidude cha ukubwa wa kidole kinayazima. Halafu linganisha magari yote matatu. Yakiganda palepale, ni minara. Likiganda moja tu, tena sehemu tofauti kila safari, mwite dereva wake mzungumze.

Kuhusu kifaa cha setilaiti: vipo vinavyotuma taarifa kupitia mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zilizo kilomita 780 hivi juu. Unalipia kwa ujumbe, na gharama hupanda haraka. Meli iliyokuletea kontena inahitaji mpango wa namna hiyo kwa sababu katikati ya Bahari ya Hindi hakuna mnara. Hata redio yake ya AIS, ile inayotangaza meli ni ipi na iko wapi, na inayosikika ufukweni kwa makumi ya maili tu, kule husikilizwa na setilaiti ndogo. Wewe barabara yako ina minara sehemu kubwa. Ningeanza na laini inayoshika mitandao yote ya Zambia na Kongo. Gari linalorudi na shaba ndilo ningelifungia kifaa mseto, kinachotumia simu kwanza na setilaiti pale tu minara inapokosekana.

Nitumie ripoti ghafi ya safari moja ya kila gari, kuanzia Nakonde hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Mpaka nizione, dereva usimguse.