Mdogo wako aliyekwama Berlin aende Bahnhofsmission

Pole sana, dada. Umesema mdogo wako ameibiwa pochi Berlin, hana nauli wala chakula, na anaona aibu kuomba msaada. Aibu aiweke kando. Aende kituo cha treni cha Zoologischer Garten, azunguke nyuma, mtaa wa Jebensstraße. Hapo ipo Bahnhofsmission, yaani huduma ya makanisa ya kuwasaidia watu waliokwama kwenye vituo vya treni. Wahudumu wake huvaa vizibao vya bluu. Huduma ni bure, na haulizwi dini wala kabila. Ilianzia hukohuko Berlin mwaka 1894, kuwalinda wasichana waliokuja mjini kutafuta kazi. Leo iko kwenye vituo zaidi ya 100 Ujerumani.

Atakuta foleni ya watu wanaolala nje. Asiwaogope jamani. Nilipokwama mimi, mzee mmoja mwenye blanketi begani ndiye aliyenipisha mbele yake, akanionyesha vikombe vya chai vilipo.

Asitegemee kukatiwa tiketi, ila watamlisha na kumsikiliza. Kadi ya benki aifunge sasa hivi, kisha aripoti wizi polisi wa kituoni na achukue hati yao. Kama pasipoti nayo imekwenda, ubalozini wataiulizia hiyo hati.