Jibu: Beki anaruhusiwa timu ngapi kwa msimu?
Mkuu, umeuliza kuhusu beki wa kati wa hapa Dodoma anayewaza kuhamia Zambia kisha Oman ndani ya msimu mmoja: kanuni za FIFA zinamruhusu kusajiliwa timu tatu, ila mechi rasmi achezee mbili tu. Mkataba ukibaki miezi sita au pungufu, anaweza kusaini mapema na klabu nyingine, kisha ahamie bure huo wa sasa ukiisha.

Kinachokwamisha wengi ni ITC, hati ya uhamisho wa kimataifa. Mchezaji haiombi mwenyewe. Klabu mpya inaingiza nyaraka kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho mtandaoni, kisha shirikisho la nchi yake linaiomba kwa TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Ombi likichelewa hadi dirisha la usajili lifungwe, kwa kawaida atakaa jukwaani na mkataba wake mkononi. Akivunja mkataba kwa makubaliano na klabu, barua isainiwe na pande zote mbili. Maneno ya katibu wa klabu hayatoshi.