Shajara Inatufikisha kwa Mtume (SAW) kwa Majina 27: Je, Tuikubali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ukoo wetu asili yake ni Lamu, wazee wakahamia Mombasa na Tanga. Ndugu yetu mmoja ametumiwa shajara kwenye simu, ina majina 27 kutoka kwa mtoto wake hadi kwa Sayyidna Husein, ikipitia kwa al-Faqih al-Muqaddam wa Tarim, Hadhramaut. Sasa anataka watoto wote wa ukoo waandikwe "Sharif", yaani wa kizazi cha Mtume (SAW). Mama wa babu yetu alikuwa suria, na baadhi ya wazee wanasema asitajwe. Je, kutafuta nasaba kunafaa? Tuihakikishe vipi hii? Na kipimo cha DNA kinakubalika?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kutafuta nasaba kunafaa, na sehemu yake imeamrishwa. Mtume (SAW) amesema katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na kuitoa Tirmidhi: jifunzeni katika nasaba zenu yale mtakayoungia jamaa zenu. Kwa hiyo anayetakiwa kujulikana mwanzo ni ami, shangazi, mjomba, khalati na watoto wao walio hai. Mtu anayeweza kutaja mababu kumi na watano lakini hajui binamu zake wa Tanga wanaishi mtaa gani ameanza mwisho.

Kilichokatazwa ni kudai. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas: mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake, naye anajua, pepo ni haramu kwake. Onyo hili linamkamata anayejua. Mzee aliyepokea habari kwa baba yake akaiamini hayumo, lakini anayeona mnyororo umekatika akaubandika majina ya kuokota anajitia humo. Ndiyo maana uchunguzi unatangulia jina.

Tuje kwenye hayo majina 27. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), ametoa kipimo chepesi: katika kila miaka 100 hesabu mababu 3. Kwa Hijria tuna miaka 1,400 na ushei, basi mnyororo unaofika leo hutarajiwa kuwa na majina arobaini hivi. Ukikuta 36 au 44 si ajabu, kwani kuna koo za wanaooa mapema na koo za wazee wenye watoto uzeeni. Ila 27 ni machache mno.

Tena shajara yenu inajifunga yenyewe. Al-Faqih al-Muqaddam, Muhammad bin Ali, alifariki mwaka 653 Hijria. Kutoka kwake kwenda juu njia inajulikana: Ali, Muhammad Sahib Mirbat, Ali Khali Qasam, Alawi, Muhammad, Alawi, Ubaydullah, kisha Ahmad bin Isa al-Muhajir aliyetoka Basra mwaka 317 Hijria, Isa, Muhammad, Ali al-Uraydhi, Jaafar as-Sadiq, Muhammad al-Baqir, Ali Zaynul-Abidin, Husein. Ukimhesabu yeye na Husein, hayo ni majina 16. Yamebaki 11 ya kujaza takriban miaka 790 ya Hijria. Kila mmoja itabidi awe amepata mtoto akiwa na miaka 70 na zaidi, kumi na moja mfululizo. Hesabu hiyo haisimami.

Hii haina maana kwamba ndugu yako ni mwongo, wala kwamba nyinyi si masharifu. Mara nyingi kosa ni la mnakili. Koo zetu humpa mjukuu jina la babu, basi shajara huwa na Ahmad bin Abubakar bin Ahmad bin Abubakar bin Salim. Mnakili akiandika "Ahmad bin Abubakar", akirudisha jicho kwenye karatasi huangukia jozi ya pili, na vizazi viwili vimekwenda. Dawa yake ni kuipata shajara ya tawi jingine la babu huyohuyo na kuziweka ubavuni, jina kwa jina. Binamu wa rika moja wakitofautiana kizazi kimoja au viwili ni kawaida. Wakitofautiana sita, mmoja wao ana pengo.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii: majina ya juu ni yaleyale katika kila shajara ya masharifu wa Hadhramaut, kwa hiyo kuwa nayo sawasawa si ushahidi wa kitu. Yeyote anaweza kuyanakili. Mahali pa kukazia macho ni katikati: yale majina matano au sita baina ya babu wa mwisho mnayemjua kwa yakini na yule wa kwanza aliyeshuka jahazini Pate au Lamu. Anayebandika hubandika hapo. Wala jina la Kihadhrami peke yake halimfanyi mtu sharifu. Bafaqih ni masharifu, Bawazir ni mashekhe, na wapo wa makabila na wengineo, wote kutoka bonde moja.

Basi anzeni chini. Tengeni daftari, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja: jina lake, la baba na la babu, mama yake binti nani, jina aliloitwa mtaani, alipozaliwa na alipozikwa, waliooana naye, watoto wote pamoja na waliokufa wachanga. Chini kabisa andikeni nani aliyetoa habari hiyo na lini. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa, na wazee wawili wakija kupingana hakuna tena wa kuulizwa.

Waanzieni bibi zenu. Wanajua nani alimwoa nani, na nani alimnyonyesha mtoto wa nani. Udugu wa kunyonya nao uandikwe: kwetu Mashafi ni manyonyo matano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na unaharamisha ndoa kama nasaba. Muulizeni kila mmoja peke yake. Mkiwakusanya barazani, mkubwa akishasema wengine wataitikia tu, na mtadhani mna mashahidi sita kumbe mna mmoja.

Wazee hawashiki miaka, wanashika matukio. Alizaliwa kabla ya kimbunga cha Unguja? Hicho ni Aprili 1872. Alikuwa kijana siku Waingereza walipopiga mizinga jumba la Sultani? Agosti 1896. Mkikuta tarehe ya Hijria kaburini au kwenye hati, msijumlishe 622 mkaishia hapo. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882, lakini kwa kujumlisha mtapata 1922. Miaka 40 imezidi, na babu amegeuka kuwa mwanawe. Miaka 33 ya mwezi ni sawa na 32 ya jua, basi tumieni jedwali la kubadilishia.

Kisha karatasi. Hati ya mirathi kwa kadhi ndiyo bora kupita zote, kwa sababu inataja wake, wana na mabinti wa mtu mmoja kwa pamoja, na waliosimama mbele ya kadhi walikuwa na haki zao za kulinda. Zifuateni za ndoa na talaka, hati za wakfu, na madai ya ardhi yaliyoandikishwa mwambao wa Kenya chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kwa waliopitia Unguja, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Msisahau kurasa za mwanzo za misahafu ya zamani, ambapo wazee waliandika kuzaliwa kwa watoto.

Tahadhari hapa: jina la ukoo kwenye hati si lazima liwe damu. Watu wengi walioachwa huru walichukua jina la bwana wao, kabla na baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 na mwambao wa Kenya mwaka 1907. Huo katika sheria ni walaa, fungamano lenye hukumu zake, nao uandikwe kama ulivyo.

Kuhusu mama wa babu yenu, mwandikeni kwa jina lake, na kwao kama panajulikana. Mtoto wa suria ambaye bwana amemkiri ni mtoto kamili: anarithi sawa na nduguze na nasaba yake ni ya baba yake. Nabii Ismail (AS) mama yake ni Hajar. Ibrahim mwana wa Mtume (SAW) mama yake ni Maria wa Misri. Ali Zaynul-Abidin, ambaye shajara yenu inapita kwake, mama yake alikuwa umm walad, yaani mjakazi aliyemzalia bwana wake. Na Sultani Barghash wa Unguja mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Wanaotaka afichwe sijui watawaficha wangapi.

Nasaba kwa madhehebu yetu huthibiti kwa ndoa sahihi, kwa kukiri, kwa mashahidi wawili waadilifu, au kwa kusikilizana: habari iliyoenea kwa kundi la watu ambao haiyumkiniki wamepatana kusema uongo. Kwa nasaba za zamani hii ya mwisho ndiyo tegemeo. Ujumbe wa simu usiojulikana umeandikwa na nani haumo katika hizo nne.

Ama DNA, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu) liliamua mwaka 2002 kwamba haitumiki kukanusha nasaba iliyothibiti, wala haifai kuitumia kuhakiki nasaba ambazo zimeshathibiti kisheria. Liliruhusu penye mgogoro wa mtoto asiyejulikana nasaba yake, watoto waliochanganywa hospitalini, waliopotea na mfano wa hayo. Nanyi mjue kipimo cha mstari wa kiume hufuata baba wa baba tu, na huonyesha kwamba watu wawili wana babu wa mbali mmoja bila kumtaja jina.

Kwa sasa msiwaandike watoto "Sharif". Dai hili linagusa hukumu: Bani Hashim hawapokei zaka, kwa hiyo fukara wenu atajinyima haki yake kwa karatasi isiyosimama, na mlango wa kufuu (ulinganifu wa mume na mke) katika ndoa utaleta ugomvi. Jina la cheti cha mtoto likitofautiana na la baba yake, litawasumbua pia kwenye pasipoti na kwa kadhi siku ya mirathi. Wakati huohuo msimkejeli ndugu yenu wala kukanusha usharifu wa ukoo, kwani kutia doa nasaba za watu ni katika mambo ya kijahilia. Panapokosekana jina acheni nafasi wazi na mwandike "haijulikani". Nasaba ya Mtume (SAW) mwenyewe, wanazuoni wameafikiana juu ya majina 21 kutoka kwa baba yake hadi Adnan. Juu ya hapo wamekhitalifiana.

Wallahu aalam.